Pampu inavuta masika, kiangazi haivuti: nimekosea wapi?

*"Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Njombe, nina karakana ndogo na vijana wawili. Mwezi wa Aprili akina mama 12 wanaolima mboga kwenye nusu ekari walikuja na fedha za kikoba chao, wakaniomba niwatengenezee pampu ya kukanyaga kama waliyoiona kwa ndugu zao kule Usangu. Nilikwenda kupima kisima, maji yalikuwa mita 5 kutoka mdomoni. Bustani iko juu ya kisima kwa kama mita 3. Nikatengeneza, ikavuta vizuri mno, wakapiga vigelegele. Kufika Septemba ikaanza kusumbua, Oktoba ikakataa kabisa. Sasa maji yako mita 8 na nusu. Nimeibadilisha mara tatu: nimetoa silinda ya inchi 4 nikaweka ya inchi 5, nimebadilisha ngozi za pistoni, nimeweka vali mpya pamoja na bomba nene zaidi. Kanyagio linakuwa zito, ukiondoa mguu linarudi lenyewe kama springi. Laki nne na nusu yao imeisha na yangu imeingia humo. Kijana mmoja aliyetoka chuo ameniambia shida yangu ni kwamba sikufuata hatua za usanifu wa kihandisi. Ndiyo nini hizo, na zinamsaidiaje mtu kama mimi ambaye hata kompyuta sina? Nijenge ya nne, au niwarudishie hela yao?"*

Ndugu yangu fundi, pole. Najua uzito wa kukutana sokoni na mtu ambaye fedha yake umeila na kazi haijafika. Lakini nianze na jambo ambalo huenda hulitarajii: pampu yako ni nzima. Lile kanyagio linalorudi lenyewe ndilo ushahidi wangu. Linarudi kwa sababu chini ya pistoni pamebaki utupu, na utupu hauwezi kubaki mahali ambapo ngozi inavuja au vali haikai sawa. Kama ungekuwa umefanya kazi mbovu, kanyagio lingekuwa jepesi na lingenyonya hewa. Umetengeneza kifaa kinachoziba vizuri, ila umekiweka kwenye kisima ambacho hakuna pampu ya namna hiyo duniani inayoweza kukifanyia kazi mwezi wa Oktoba.

Sababu yake ni hii. Sote tunasema pampu "inavuta" maji, nami nasema hivyo hivyo, lakini maji hayavutiki. Huwezi kuyashika kwa juu ukayanyanyua kama kamba. Pampu ya juu ya ardhi inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, halafu hewa ya nje, inayogandamiza maji yaliyomo kisimani, inayasukuma yapande kwenye ile nafasi iliyo wazi. Evangelista Torricelli, Mwitaliano, ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri. Mwaka 1643 jaribio lake la zebaki kwenye bomba la kioo lilionyesha kuwa hewa inaweza kushikilia zebaki kimo cha sentimita 76 tu, na mwaka uliofuata akaandika kwamba tunaishi tumezama chini kabisa ya bahari ya hewa. Maji ni mepesi kuliko zebaki mara 13 na zaidi, kwa hiyo hewa hiyo hiyo inayasukuma juu zaidi, kama mita 10.3. Hapo ndipo mwisho. Ukiongeza nguvu ya miguu, maji hayapandi hata sentimita moja zaidi, kwa kuwa anayesukuma si wewe.

Sasa angalia unapoishi. Mita 10.3 ni za Tanga na Dar es Salaam, mtu akiwa usawa wa bahari. Mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 juu. Kule juu sehemu ya ile bahari ya hewa mmeiacha chini yenu, na iliyobaki inaweza kusukuma maji kama mita 8.2 tu, tena kwa pampu isiyovuja hata chembe na bomba lisilo na msuguano. Kwenye kazi halisi, hapo kwenu mimi singemwahidi mtu zaidi ya mita 6. Maji yako yapo mita 8 na nusu. Usangu ni tambarare, iko chini yenu kwa mamia ya mita, na kisima ambacho akina mama walikiona huenda maji yake yalikuwa karibu. Pampu ile ile ikipandishwa mlimani na kuwekwa kwenye kisima kirefu inakuwa kitu kingine.

Ndiyo maana silinda ya inchi 5 haikusaidia. Eneo la pistoni liliongezeka kwa zaidi ya nusu, na uzito ambao mguu unasukuma ukaongezeka kwa kiasi hicho hicho, huku kimo cha maji kikibaki palepale. Bomba nene nalo linapunguza msuguano tu. Ulikuwa unatibu jino wakati ugonjwa uko kwenye goti.

Kijana wa chuo alisema kweli, ila alikupa jina la ugonjwa bila dawa. Usanifu wa kihandisi ni mwendo wa kutoka kwenye ombi la mtu hadi kwenye kitu kinachofanya kazi mikononi mwake, na chuoni huchorwa kama ngazi: ombi, hitaji, masharti, mawazo kadhaa, hesabu, kielelezo cha majaribio, majaribio yenyewe, marekebisho, michoro ya mwisho, makabidhiano. Usiiogope orodha hiyo. Nyingi kati ya hatua hizo unazifanya kila siku bila kuzitaja, na mikono yako ndiyo inayojua zaidi zile za katikati. Ulichoruka ni mbili zinazofuata ombi, yaani hitaji na masharti, na kila mtu aliyewahi kuunda kitu amewahi kuziruka, mimi nikiwemo.

Nilipokuwa kijana nilisanifu mashine ya kupukuchua mahindi kwa karakana moja. Niliijaribu kwa magunia ya mahindi makavu yaliyonunuliwa dukani, ikatoa punje safi kama shanga. Tukatengeneza nane. Wakulima wa eneo lile walikuwa wakipukuchua mapema, mahindi yakiwa bado na unyevu, ili wauze kabla bei haijashuka. Punje zikapondeka, nusu yake ikawa kama unga. Sikuwa nimemuuliza mkulima hata mmoja anapukuchua lini. Nilijua namba zote za mashine, ila sikujua mwezi wake wa kazi. Wewe ulipima kisima Aprili, mvua zikiwa hazijakatika, wakati ambapo akina mama hao hawahitaji pampu kwa sababu mvua inawamwagilia. Kazi ya pampu ni Agosti hadi Novemba, na huko ndiko namba zako zilipaswa kutoka.

Jingine ni hili. Akina mama walikuja na jibu tayari: "Tutengenezee pampu ya kukanyaga." Mteja karibu siku zote huja na jibu, kwa sababu amekiona kitu kwa jirani kikampendeza. Kazi ya kwanza ya msanifu ni kumrudisha taratibu kutoka kwenye jibu hadi kwenye shida, bila kumdharau. Unauliza: mama, mnamwagilia mara ngapi kwa wiki? Nani huwa anachota, na saa ngapi? Mwaka jana kiangazi mlipoteza nini? Kisima kimewahi kukauka? Kikiharibika kitu, nani yuko karibu wa kukitengeneza? Maswali ya namna hiyo yanachukua asubuhi moja na kikombe cha chai. Ukitoka hapo unaandika aya moja kwenye daftari na kuwasomea. Kwa kazi yenu mimi ningeandika hivi:

"Akina mama 12 wapate maji ya kutosha nusu ekari ya mboga mwezi wa Oktoba na Novemba, kutoka kwenye maji yaliyo mita 8.5 chini ya mdomo wa kisima, yafike kwenye bustani iliyo mita 3 juu ya kisima. Mtu mmoja asifanye kazi zaidi ya dakika 40 kwa siku. Kifaa kikiharibika kitengenezwe kijijini siku hiyo hiyo au kesho yake. Fedha isizidi kiasi walichokubaliana kwenye kikao."

Tazama aya hiyo haikutaja pampu ya kukanyaga. Haikutaja pampu kabisa. Imetaja siku, kimo, watu, na matengenezo, na kila kimojawapo unaweza kukipima baadaye ukasema ndiyo au hapana. Ukiwa na karatasi hiyo Aprili, hata kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, zile mita 8.5 zingekuambia kuwa pampu ya juu ya ardhi haifai. Zingekugharimu kalamu.

Neno "maji ya kutosha" bado ni la mdomoni, na tulitafutie namba. Mboga kwenye hali ya hewa yenu ya baridi zinahitaji kama milimita 4 za maji kwa siku wakati wa kiangazi. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000. Kwa hiyo ni lita 8,000 kwa siku, ndoo 400 za lita 20.

Hapo simama, kwa sababu kuna swali ambalo hukuniuliza na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: je, kisima chenyewe kinazo hizo lita 8,000? Pampu haizai maji. Kama kisima chenu kina upana wa mita 1.2, kila sentimita ya maji ndani yake ni lita 11 tu. Kupata lita 8,000 kwa saa 24, maji yanatakiwa kujirudisha kwa kasi ya kama sentimita 30 kwa saa, usiku na mchana. Lipime hili wiki hii, kabla mvua hazijakolea. Funga jiwe kwenye kamba yenye alama, pima maji yalipo. Choteni kwa ndoo kwa kupokezana hadi yashuke mita moja. Kisha mkae kivulini, na kila baada ya dakika kumi mpime tena na kuandika. Yakipanda sentimita 30 au zaidi kwa saa, tuna kazi ya pampu. Yakipanda sentimita 10, hata pampu ya bei gani haitamwagilia nusu ekari, na mazungumzo yetu yanageuka: ama kuongeza kina cha kisima, ama kulima robo ekari kiangazi, ama kupunguza kiu ya shamba kwa matandazo ya nyasi na umwagiliaji wa matone. Hiyo pia ni kazi ya usanifu. Wakati mwingine jibu zuri la ombi la pampu ni lori la nyasi kavu.

Tuseme kisima kimefaulu. Hesabu inayofuata ni ya nguvu. Mtu mzima mwenye afya anayekanyaga au kuzungusha kwa muda mrefu bila kuchoka hutoa kama wati 75. Nusu hivi hupotea kwenye msuguano wa kifaa, zinabaki kama wati 40 za kuinua maji. Kimo chenu ni mita 8.5 jumlisha 3, ongeza kidogo kwa ajili ya bomba, tuseme 12. Ukipiga hesabu unapata lita 20 kwa dakika, yaani ndoo moja kila dakika. Ndoo 400 ni dakika 400, na akina mama ni 12, basi kila mmoja ana kama dakika 33 kwa siku. Inawezekana! Kwa kifaa sahihi, miguu au mikono yao inatosha, na tumelijua hilo bila kukata bomba hata moja.

Usidhani hesabu hii ni ya wasomi tu kujifurahisha. Kusini mwa Afrika palikuwa na pampu iliyopendwa sana na wafadhili, PlayPump, ambayo watoto huizungusha kwa kucheza kama bembea ya duara. Mwaka 2006 wafadhili wakubwa wa Marekani waliahidi mamilioni ya dola ili isambazwe kwa maelfu. Ilitangazwa kuwa pampu moja ingehudumia watu 2,500. Wape watu hao lita 15 tu kila mmoja, ni lita 37,500 kwa siku. Pampu yenyewe ilikadiriwa kutoa lita 1,400 kwa saa. Gawanya: watoto wangelazimika kucheza karibu saa 27 kila siku. Vijiji vingi vikaishia kuwa na kina mama wanaolisukuma gurudumu lile kwa kuinama, na wengine wakaomba warudishiwe pampu zao za mkono. Mstari mmoja wa kugawanya ungewaokoa watu wengi, na ninakusimulia hili ili ujue kuwa kosa lako halikutokana na kukosa chuo. Waliokosea kule walikuwa na vyuo vyote.

Sasa chaguo. Ukishakuwa na karatasi ya hitaji, usikimbilie wazo la kwanza, andika hata manne na uyaweke mbele ya masharti yale yale.

Wazo ambalo najua limeshakupitia kichwani ni kuishusha pampu yako ndani ya kisima, mita tatu chini, juu ya jukwaa la chuma, ili kimo cha kuvuta kipungue hadi mita 5 na nusu. Kwa hesabu linakubali kwa shida. Kwa mtu anayekanyaga ndani ya shimo kila siku, mimi nalikataa. Na nakuomba sana, ikiwa mtu atashauri kushusha pampu ya injini ya petroli kisimani, kataa hata kama ni bure. Hewa ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini hujaa shimoni, haina rangi wala harufu ya kukuonya, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza hufa naye. Hata bila injini, visima vya kuchimba hukusanya hewa mbaya. Watu hushusha mshumaa kuipima hewa hiyo: ukizimika usishuke, na ukiendelea kuwaka usiuamini kwamba hakuna moshi wa injini. Kazi ya kushuka waachie wachimbaji wa visima wenye kamba, watu wa juu, na uzoefu.

La pili ni kuweka silinda chini, ndani ya maji, na kuisukuma kwa fimbo ndefu kutoka juu. Hapo maji yanasukumwa kutoka chini badala ya kusubiri hewa, na ule ukomo wa Torricelli hauna habari nawe tena. Pampu ya mkono iitwayo Afridev ni ya jamii hiyo, ndefu kabisa hufika mita 45. Hadithi yake inakuhusu, kwa kuwa ilizaliwa huku kwetu. Miaka ya 1980, kati ya Malawi na pwani ya kusini ya Kenya, upande wa Kwale, wahandisi waliona pampu za mkono zikifa vijijini kwa kusubiri fundi na gari kutoka mjini. Wakaandika sharti moja zito juu ya mengine: watu wa kijiji wenyewe waweze kuifungua na kuitengeneza. Sharti hilo ndilo lililochagua vyote vilivyofuata: bomba la plastiki badala ya chuma kizito, pistoni inayotolewa bila kung'oa bomba lote, zana chache zinazotosha mfuko mmoja. Jiulize ingekuwaje kama wangeandika tu "pampu imara". Wangetengeneza kitu kizito kisichovunjika kwa miaka miwili, halafu kikivunjika kinabaki hivyo. Kwa kisima chenu Afridev inaweza, ila ilisanifiwa kwa maji ya kunywa na kujaza ndoo, si kwa kupandisha maji shambani, na huwezi kuitengeneza yote kwenye karakana yako.

La tatu ndilo ninaloliegemea: pampu ya kamba. Bomba la plastiki linazama kisimani, kamba ya nailoni yenye visahani vidogo vya mpira kila baada ya mita hivi inapita ndani yake, na gurudumu la juu lililokatwa kwenye tairi la gari linaizungusha. Kila kisahani kinapandisha maji yaliyo juu yake. Hakuna vali, hakuna ngozi, na kina cha mita 8.5 kwake ni kidogo. Kwa ndoo moja kwa dakika, kamba ikienda kama mita moja kwa sekunde, unahitaji bomba lenye uwazi wa ndani wa milimita 20 hivi. Kupandisha zile mita 3 za bustani, puli ya juu inawekwa kwenye nguzo na gurudumu la mkono linabaki chini, maji yakimwagika kwenye pipa juu ya jukwaa. Madhaifu yake niyaseme wazi: kamba inalika na lazima ibadilishwe, visahani vikiwa vikubwa kidogo vinakwama na vikiwa vidogo maji yanarudi, na upepo unapeperusha kamba juu ya nguzo kama hukuweka kinga. Yote hayo kijana wako wa karakana anaweza kuyatengeneza siku hiyo hiyo, na ndivyo karatasi ilivyotaka.

La nne ni pampu ndogo ya umeme wa jua inayozama majini. Lita 8,000 kwa kimo cha mita 12, pamoja na hasara za mota na mawingu, zinataka paneli ya wati 200 hadi 300, na kwa ukungu wenu wa Juni na Julai ningechukua 300. Inawapumzisha akina mama kabisa, na ndiyo nzuri kuliko zote kwa mwili wa mtu. Lakini gharama ya kuanzia ni kubwa mara kadhaa, mota ikiungua kijijini hakuna wa kuisuka, na paneli inahitaji mlinzi. Ukiniambia kikundi kina mkopo wa masharti mepesi na duka la vipuri liko karibu, naweza kubadili msimamo. Usiwafiche chaguo hili kwa sababu tu si wewe utakayelitengeneza.

Ukishachagua, jenga moja mbaya kwanza. Ninamaanisha hivyo: nguzo za miti, gurudumu la kuazima, bomba la kawaida, lifungwe kwa mpira wa baiskeli, na lifanye kazi kisimani kwa siku tatu. Kielelezo cha namna hiyo ni cha kuuliza maswali, na kitu kilichopakwa rangi watu huona haya kukikosoa. Waache akina mama wazungushe wenyewe, wewe kaa pembeni na daftari. Angalia nani anabadilisha mkono, nani anaweka mtoto wapi, nani anasema mpini uko juu mno. Pima lita kwa dakika mwanzoni na baada ya nusu saa mtu akiwa amechoka.

Na hapa ndipo marekebisho yako matatu yalipokuumiza. Mara ya tatu ulibadilisha vali na bomba kwa pamoja. Hata kama pampu ingepona, usingejua kilichoiponya. Badilisha kitu kimoja, pima, andika tarehe na namba, ndipo uguse kingine. Ni polepole, najua, na mteja anapiga simu. Lakini ukurasa mmoja wa majaribio ulioandikwa hivyo utakuhudumia kwa kila pampu utakayoijenga maishani.

Kurudi nyuma kwenye hatua za awali si aibu pia. Kule Nairobi, shirika la ApproTEC, ambalo baadaye liliitwa KickStart, lilitoa pampu yake ya kukanyaga ya MoneyMaker mwaka 1996. Ilivuta maji na kuyamwaga tu. Wakulima wenye mashamba ya mteremko walihitaji maji yasukumwe kupanda, na mwaka 1998 ikatoka Super MoneyMaker yenye uwezo huo. Pampu ya kwanza haikuwa mbovu. Iliwasaidia wajue nusu ya hitaji ambayo hawakuwa wameiandika.

Kuhusu kompyuta: huihitaji. Karatasi ya mraba, rula, na kipimo sahihi vinatosha kuchora pampu ya kamba kutoka mbele, kutoka pembeni, na kutoka juu. Chora baada ya majaribio, vipimo vikiwa vimekaa, ili ya pili ifanane na ya kwanza. Ukianza kupata oda nyingi ndipo utengeneze jigi, yaani kishikizo cha kukatia visahani vyote kwa kipimo kimoja, na hapo kozi fupi ya kuchora VETA itakulipa.

Siku ya kukabidhi, wafundishe akina mama wawili kubadilisha kamba mbele yako, kwa mikono yao, wewe ukiwa umeweka yako mfukoni. Waachie kamba ya akiba na visahani kumi. Funika kisima, maana kilicho wazi kinaingiza uchafu na watoto.

Sasa fedha. Usijenge ya nne, na usikimbilie kurudisha hela ambayo huna. Waite kikao, waeleze habari ya mita 8.2 kama nilivyokueleza, kwa jiwe na kamba mkononi ili waone wenyewe maji yalivyoshuka. Sema wazi kwamba ulipima mwezi usiofaa. Kisha pendekeza hivi: ile pampu ya kukanyaga itafutiwe mnunuzi mwenye bustani ya vinyungu, zile za kiangazi bondeni, ambako maji yako mita mbili au tatu na itafanya kazi mwaka mzima, na fedha yake iingie kwenye kifaa kipya. Irudishie silinda ya inchi 4 kabla ya kuiuza, ni nyepesi kwa miguu. Kazi ya mikono yako kwenye kifaa kipya utaamua mwenyewe uidai au uisamehe, mimi ningeisamehe nusu.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kama kipimo cha kisima kitaonyesha maji kidogo, msiongeze kina bila mtu anayejua ardhi yenu, na uliza ofisi ya bonde la maji kama matumizi ya kilimo yanahitaji kibali. Kuhusu pampu ya kamba una bahati ya mahali: shirika la SHIPO, hapo hapo Njombe, limefundisha mafundi pampu hizi kwa miaka mingi. Nenda uone moja ikifanya kazi, izungushe, iguse, pima visahani vyake kabla ya kukata vyako. Ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, nayo iulize habari za mafunzo na mikopo ya mafundi. Siku ukitaka kuuza pampu kwa mamia, TEMDO, shirika la usanifu wa mashine kule Arusha, kazi yao ndiyo hii ya kutoka wazo hadi mashine.

Wiki hii fanya lile jaribio la kisima tu. Niandikie namba tatu: upana wa kisima, maji yalikuwa mita ngapi kabla ya kuchota, na yalipanda sentimita ngapi katika saa ya kwanza. Nikizipata tutakaa pamoja na kupanga urefu wa nguzo, ukubwa wa pipa, na kipenyo cha gurudumu.